Simu Iliyofunguliwa na Kalenda

Kila asubuhi Milembe hufagia uwanja, huchemsha uji, kisha huanza kuwatembelea wajawazito wa Somanda. Yeye ni mhudumu wa afya ya jamii, na siri zao hukaa kwenye simu yake. Simu yenyewe aliifunga kwa sura yake. Alitamba kwamba sura haiibiwi.

Siku moja wifi yake, Kija, alikuwa akipangusa meza. Aliinua simu ikaelekea ukutani, palipotundikwa kalenda ya kwaya. Mwalimu wa kwaya ni Milembe, na uso wake kwenye kalenda ni mkubwa kama sahani. Simu ikafunguka.

"Wifi, simu yako imekuona kwenye kalenda," Kija alisema, akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Jina la Elizabeth nimeliona. Mengine sikusoma."

Elizabeth, mmoja wa wajawazito wake, alikuwa amemwandikia kuwa ana mimba changa. Mbili za kwanza ziliharibika, na hii hakutaka ijulikane mapema. Milembe aliona aibu sana.

Alibeba simu na kalenda mpaka kwa Joakim, fundi simu.

"Mwangaluka, mama. Umeniletea kwaya nzima?" Joakim alimsalimu kwa Kisukuma, akimtania. Akajaribu mwenyewe, simu ikafunguka tena. "Hii inatazama picha tu, kwa kamera ya mbele. Haitofautishi mtu na karatasi. Zipo simu zinazopima uso, pua imetokeza wapi, jicho limeingia wapi. Kalenda haiwezi kuzidanganya hizo. Ila mapacha wanaofanana huweza kuzichanganya."

"Sasa nifanyeje?"

"Zima kufungua kwa sura. Weka namba ya siri, tarakimu sita. Usiweke tarehe ya kuzaliwa, hiyo watu wanaijua. Na ujumbe usionekane simu ikiwa imefungwa."

Walibadilisha palepale. Kisha Milembe akaenda kwa Elizabeth na kalenda yake kwapani, akamweleza yote bila kuficha. Elizabeth akachukua simu, akaielekeza kwenye kalenda mara tatu. Haikufunguka.

"Na Kija?"

"Hakusoma, na hajasema kwa mtu."

"Basi fungua, uandike." Elizabeth alijishika tumbo. "Leo hospitali wameniambia wako wawili."

Milembe aligeuka pembeni, akabonyeza namba zake. Furaha ilimjaa mpaka vidole vikakosea mara ya kwanza.

"Kulwa na Doto hao," alinong'ona. "Wakikua, kila mmoja awe na namba yake ya siri."