Mrija Uliokuwa Unapumua

Haya yalimpata dada yangu Ashura, ila sehemu ya mwisho niliiona mwenyewe.

Ashura alikuwa anafanya kazi Kibaha, upande wa Misugusugu, kwenye kiwanda cha vichupa vya dawa za sindano. Jumanne ile aliingia kazini kama kawaida. Akavua viatu, akanawa mikono hadi viwiko, akavaa joho jeupe, barakoa na glovu. Simu ikabaki kabatini, maana chumba kile hata vumbi haliruhusiwi kuingia. Kazi yake ilikuwa kukagua mirija mirefu ya kioo, iliyozibwa ncha zote mbili, kabla mashine haijaikata kwa moto.

Saa nne hivi akaona mrija mmoja umeshika ukungu. Akaufuta. Haukufutika. Ukungu ulikuwa ndani.

Ukatoweka wenyewe. Ukarudi. Ukatoweka tena, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Akamwita msimamizi wake, Onesmo. Onesmo akaugeuzageuza kwenye taa, akasema hauna kasoro, akaurudisha kwenye mkanda unaopeleka mirija kwenye mashine. Ashura akainama autazame mara ya mwisho. Ndani ya kioo kulikuwa na sauti ndogo, imechoka.

"Shu, nifungulie mwanangu."

Ni mtu mmoja tu duniani aliyemwita Shu. Mama yetu.

Akanyoosha mkono. Mrija ulikuwa umeshapita mlango wa mashine, na mlango ule haufunguki moto ukiwa unawaka. Akamwomba Onesmo azime. Onesmo akauliza azime kwa sababu gani.  Ashura alisimama pale na glovu zake, akitazama mrija unavyosogea. Ukungu ukaanza kuja haraka. Haraka zaidi. Moto ukauzunguka mrija.

Ukungu haukurudi.

Wakati huo mimi nilikuwa Kisarawe na mama, tunachambua kisamvu barazani. Hakuwa anaumwa. Aliweka ungo chini, akajishika shingo kwa mikono miwili, akanitazama kama anayeniomba kitu. Nikampa maji. Hayakupita. Nikampigia Ashura mara tisa, simu ikawa inaita tu.

Alasiri tuliuosha mwili wake, mimi na shangazi Rahma. Shangazi ndiye aliyesogeza kitambaa shingoni, kisha akanibana mkono nisiseme kitu. Palikuwa na mstari mwembamba, umezunguka shingo nzima bila kukatika. Nilidhani ni jeraha. Nilipougusa ulikuwa mgumu, unateleza, wa baridi.

Mwanga wa dirishani ulikuwa unapita ndani yake.