Mto wa Mzee Lokuruka

Kiprop, jirani yetu wa Kakuma, alikuwa mwanaume wa maneno. Kifua mbele, miwani ya jua hata ndani ya duka. Lakini yeye na maiti walikuwa kama mbuzi na mvua. Umri wote ule hajawahi kukanyaga matanga. Kila msiba alituma unga na kisingizio. Mwaka 2012 akafariki Mzee Lokuruka wa Lopur, aliyemuuzia mbuzi tangu afungue duka. Safari hii kisingizio kikakosa pa kushika.

"Unaogopa nini?" rafiki yake Losike alimcheka njiani. "Unafika, unatupa tumbaku kidogo, unaweka jiwe lako kaburini, unakula nyama, unarudi. Kulia si lazima. Hata ukilia, nani atakuamini?"

Kiprop alikuwa amevaa koti jeusi refu. Kwa jua la Turkana! Watu wakamsalimu, ejok, naye akajibu ejok kwa sauti ya mwenye boma. Wazee walikuwa wameketi, kila mmoja na kigoda chake. Akaona kimoja kiko peke yake kando ya kibanda, kimeng'aa kwa jasho la miaka. Akakikalia. Koti likakifunika chote.

Maiti ikashushwa shimoni. Halafu mambo yakasimama. Wazee wakaulizana. Wanawake wakaingia kibandani, wakatoka mikono mitupu. Kiprop, ambaye Kiturkana chake kiliishia kwenye salamu, alidhani ni sala. Akainamisha kichwa, akaitikia amina.

Jua lilikuwa kali na maiti haingoji. Wakafukia, wakapanga mawe. Ndipo Kiprop akainuka kuweka lake.

Macho yote yakatua kwenye kigoda alichokiacha.

"Hiyo ni ekicholong ya mzee," Losike alinong'ona. "Ndio kiti, ndio mto. Walikuwa wanaitafuta waiweke chini ya kichwa chake."

"Si wafukue?"

"Hapa kaburi halifukuliwi."

Nabei, mjane, alimtazama Kiprop miguuni. Akasema kitu, taratibu, bila hasira. Losike alikataa kutafsiri mpaka walipofika Kakuma.

"Amesema mzee atajitafutia mto mwingine."

Kiprop akacheka. Akawachekesha na wateja.

Kesho yake mchana, akiwa ameketi dukani, paja moja likafa ganzi. Kisha la pili. Kitu kilikuwa kimemlalia. Kizito. Kina joto. Kinapumua.

Akajaribu kuinuka. Wapi.

Mkewe, Jerotich, alimpeleka hospitali Lodwar. Wakampiga picha, wakamdunga sindano, hawakuona kitu. Miguu ikazidi kunyauka kama ya ndege. Jerotich akaenda Lopur kubembeleza. Alimkuta Nabei akikamua mbuzi.

"Mama, nakuomba. Mume wangu hawezi kusimama."

Nabei hakuinua macho. "Mzee yangu sasa iko nalala vizuri," alisema. "Wewe enda. Enda pole pole. Usiamshe yeye."

Matanga ya pili ya Kiprop, mwaka 2013, yalikuwa yake mwenyewe. Alikufa ameketi, magoti yakakataa kunyooka, na seremala wa Lodwar akamchongea jeneza kama kabati.

Baadaye Jerotich alikunjua suruali aliyofia mumewe. Pale mapajani palikuwa na doa la mate, duara, kama analoacha mtu aliyelala fofofo. Akalifua. Akaianika juani, jua linalokausha nyama kabla ya adhuhuri.

Jioni suruali ilikuwa kavu kama ubao. Doa lilikuwa bichi. Na bado lilikuwa na joto.