Prosesa za Sirad

Sipendi habari za majini, na Aukot hapendi kuzisimulia. Ni rafiki yangu, fundi wa kompyuta hapa Lodwar, na tangu siku ile hajakanyaga Kakuma.

Alikuwa amemwekea Sirad kompyuta katika saiba yake huko Kakuma, duka la intaneti ndani ya kontena lisilo na dirisha. Siku ya kuiweka, yeye, Sirad na Deeq, kaka yake Sirad, walisimama mbele ya skrini ikiorodhesha vifaa: prosesa nne. Wiki haijaisha, Sirad akapiga simu.

"Fundi, leo nimefungua niko peke yangu, inasema prosesa ni mbili. Zingine umepeleka wapi?"

Aukot akaenda mchana huohuo, amekasirika. Akafungua orodha Sirad akiwa nyuma yake. Ikasema tatu.

"Mwizi wewe, na bado unanichezea," Sirad akasema. "Kaa hapo, namleta Deeq."

Akatoka, akaubamiza mlango wa chuma, kufuli ikalia kwa nje. Ndani kukawa giza tupu, ila ile skrini. Feni ya kompyuta ikavuma, ikapungua, ikavuma tena. Orodha ikajibadilisha: mbili.

Aukot akahesabu kwa vidole. Siku ya kuiweka walikuwa watu watatu, ikasema nne. Asubuhi Sirad peke yake, mbili. Sasa yeye peke yake, mbili tena. Kila mara mmoja zaidi.

Akageukia giza nyuma ya kiti na, kwa mazoea tu, akasalimia kwa Kiturkana kama anayemkuta mtu: "Ejok?"

Feni ikanyamaza. Kufuli haikuguswa, wala mlango haukufunguka. Kwenye skrini, mbili ikawa tatu.