Fundi Asiinue Bodi

Duka la vipuri lilikuwa limefurika wateja, kila mmoja akimpigia kelele muuzaji, mikono miwili iliposhika boksi moja.

"Kaka, hizi springi nimeziulizia mimi kwanza."

"Kuulizia si kununua, dada."

Mwanamke alikuwa daktari wa mifugo. Alivaa ovaroli ya kijani iliyonuka dawa ya kupe, buti hadi magotini, na nywele kazifunga kitambaa chekundu. Mwanamume alikuwa mpima ardhi. Shati lake jeupe lilipigwa pasi hata mikono ikasimama kama mbao.

"Gari lako si lile pale nje?" mpima alisema. "Wewe inua bodi tu. Unaweka raba nene kati ya bodi na chesisi, ile fremu ya chini, na gari linapanda. Springi niachie mimi."

"Bodi itapanda, na tumbo je? Si litabaki pale pale likilamba mawe! Mimi siendi kuonekana mjini, naenda kwa ng'ombe. Na gari langu usinipangie!"

Mpima alicheka mpaka akaachia boksi. Akaomba namba ya simu. Daktari akamtajia kwa hasira, na njiani akajiuliza amelogwa na nini.

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa mabishano. Mpima alipiga simu asubuhi kumuuliza ng'ombe wameamkaje, "na mganga wao je?" Daktari alimwita Bwana Pasi. Walibishana juu ya chumvi, juu ya njia za mkato, juu ya nani kamkosa mwenzake zaidi. Springi zikakaa sebuleni kwa daktari kama mgeni asiyejua kuaga, kwa kuwa mwenyewe hakupata nafasi ya kwenda gereji.

Alipotakiwa kusafiri na wenzake kwenda kuchanja mifugo, mpima akajitolea kulipeleka gari. Mchana simu ikalia, daktari akiwa zizini, kambana ndama mmoja katikati ya magoti.

"Mpenzi, fundi anasema springi hizi ni za gari zito kuliko lako. Ama uagize nyingine usubiri, ama ainue bodi leo leo. Nimwambieje?"

"Fundi asiinue bodi! Umesikia? Asiinue!"

Sauti ilikuwa ikikwaruza tangu mwanzo, na sasa ikakatika. Mtandao haukurudi tena.

Aliporudi alilikuta gari limeegeshwa mlangoni, bodi juu, chesisi wazi chini yake, mithili ya mtu mzima aliyevaa suruali ya mtoto. Akashika kiuno. Kabla hajampigia mpima, mfugaji akampigia: ng'ombe anazaa, ndama kakaa vibaya. Akaingia garini hivyo hivyo.

Njia ya kule ina tuta la mawe katikati. Difu, lile tumbo la chuma kati ya magurudumu ya nyuma, likalikalia tuta, magurudumu yakazunguka bure yakirusha vumbi. Daktari alisukuma, akachimba, akalia kwa ghadhabu, kisha akabeba mkoba na kwenda kwa miguu. Alimwokoa ng'ombe. Ndama alikuwa ameshakufa.

Akampigia mpima mikono ikiwa bado na damu.

"Nilikukataza! Ulitaka lipendeze machoni, basi limependeza! Ndama amekufa!"

"Kipenzi, pole, lakini mimi nili..."

"Usinipigie tena!"

Akakata. Kwa kweli simu haikulia tena, na hilo likamuudhi kuliko yote. Dada yake alimwambia, "Umemfukuza mtu, sasa unakasirika kwa nini kaondoka?" Daktari akamwambia ashughulike na mume wake.

Springi sahihi alizoagiza zilipofika, alilipeleka gari mwenyewe. Fundi akatoka chini ya lori, akajifuta mikono.

"Kumbe umebadili mawazo, mama. Siku ile hata mwenzio alishangaa. Simu ilikuwa kwenye spika, wote tulisikia: fundi ainue bodi. Akasema, 'Huyu hataki kabisa kuinua bodi, lakini gari ni lake. Nikibisha atasema nampangia.'"

"Nilisema asiinue!"

"Hiyo 'si' haikufika hapa, mama. Sauti ilikwaruza, kisha simu ikakatika."

Daktari alikaa juu ya tairi kuukuu. Silabi moja! Aliona haya, na aibu ile ikageuka hasira upya. Akapiga simu.

"Wewe! Kwa nini hukuniambia ulivyosikia?"

"Uliniambia nisipige. Hilo nililisikia vizuri sana."

"Na wewe kila ukiambiwa unatii tu?"

"Mungu wangu! Nikitii kosa, nisipotii kosa! Uko wapi?"

"Gereji."

Mpima alifika shati limekunjamana, ndevu hazijanyolewa. Daktari alipomwona hivyo moyo ukalainika, ila sauti ikakataa.

"Nisamehe," alisema, kwa ukali kama anayekemea. "Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Na mimi nilitakiwa kupiga mara ya pili. Yule ndama siachi kumfikiria."

"Hata mimi."

Fundi akajitia kutafuta spana.

"Sikia," daktari akasema, "nimechoka kugombana na wewe kwa simu. Bora tugombane ndani ya nyumba moja."

Mpima akamkodolea macho. "Hiyo ni posa au lawama?"

"Vyote. Jibu."

"Nilikuwa nimepanga kukuomba mimi, kwa adabu, nimevaa vizuri! Hata hilo hukuniachia?"

"Unataka au hutaki?"

"Nataka! Nataka, mwanamke wewe, utaniua!"

Simu ya daktari ikalia: mbuzi wawili wamevimba matumbo. Gari lake lilikuwa juu ya jeki, halina hata gurudumu. Mpima akafungua mlango wa lake.

"Panda. Na usinifundishe kuendesha."

"Basi pita kulia," alisema mchumba wake akifunga mkanda, "kushoto kuna foleni."

Mpima akashusha pumzi ndefu, akapita kulia.