Nani Aliyekikata Kitambaa?

Kwa jina la Mola aliyeviunga viungo na kuiwashia akili taa yake, hadithi inaanza.

Nyumbani mwa fundi cherehani waliishi wawili: yeye mwenyewe, mjane, na mke wa mwanawe. Mwana alikuwa kazini mbali. Jirani yao alikuwa muuguzi wa zahanati.

Asubuhi moja fundi aliingia chumba cha kazi, akasimama. Kitambaa alichodhani amekiacha kizima kilikuwa kimekatwa mikono miwili ya gauni, yote ya kushoto. Juu yake ilikuwapo alama ya chaki, ile alama yake ambayo hakumfundisha mtu. Akahisi mle ndani yumo mwingine, anayetumia vidole vyake.

Haikuwa mara ya kwanza. Sindano zilionekana ndani ya kopo la sukari. Maneno yalimponyoka, kana kwamba mtu ameyanyakua mdomoni.

"Wewe ndiye unayenichezea," alimwambia mkwewe. "Kusanya nguo zako, urudi kwenu."

Binti aliinamisha kichwa. "Mama, ulikikata wewe, jana mchana. Macho yalikuwa wazi, lakini hukuniona."

"Mbona hukusema?"

"Si uliniambia fundi akishika mkasi hasemeshwi, asije akapoteza vipimo?"

Fundi aliutazama mkasi mezani. Mara muuguzi akabisha hodi.

"Fundi, sare yangu imeiva, au bado iko jikoni?" Alicheka, kisha akaviona vidole, vimevimba na kung'aa. "Asubuhi vinakaza?"

"Mpaka jua lipande."

"Na dawa ya baridi yabisi uliyopewa?"

"Naimeza nikizidiwa. Siku njema naiacha ipumzike."

"Dawa haichoki, dada. Na ugonjwa huo haupumziki."

Akaketi karibu naye. "Kinga ya mwili wako imeugeukia mwili wenyewe. Uvimbe haukai vidoleni tu. Kemikali zake hutembea na damu, na zaweza kuutatiza ubongo. Maumivu nayo yanakunyima usingizi. Basi akili hufunikwa na ukungu, mtu akafanya jambo asilikumbuke. Lakini kusahau kuna sababu nyingi. Twende ukapimwe."

"Kwa hiyo hakuna aliyeniingia?"

"Ni wewe mwenyewe, umechoka."

Hilo lilimtisha zaidi, maana mgeni angeweza kufukuzwa. Akamgeukia mkwewe. "Nisamehe, mwanangu. Usiende. Ukiniona nimepotea, niite, hata nikiwa na mkasi."

Zahanati ilimpima damu: uvimbe ulikuwa umepanda, na sababu nyingine haikuonekana. Daktari akampangia dawa za kumeza kila siku kwa wakati wake, mazoezi mepesi, na kulala mapema. Nafuu ilikuja polepole. Kwa wiki kadhaa bado alimhisi yule mwingine, amesimama nyuma ya kiti, kimya. Binti alipoita, "Mama," naye akaitikia, "Nipo," nyuma ya kiti palibaki patupu.

Siku ilifika akakata gauni zima, na jioni akaukumbuka kila mkato. Ukungu hurudi mara mojamoja, lakini sasa anaujua unakotoka, na hamezi tena dawa kwa kubahatisha.

Mola awahifadhi waishio katika nyumba ile. Na kila akaaye na mgonjwa wake, amjaalie subira ya kuita, na mgonjwa wake nguvu ya kuitikia.