Mbao za Fundi Njiani

Mume wangu ni seremala. Kila mtu humwita Fundi, hata mimi nikimkasirikia. Kiangazi kile nilimwita Fundi kila siku.

Nyumba yetu iko chini ya kilima. Njia ya gari ni moja tu, nayo inapita mbele ya karakana yake. Fundi alikuwa akianika mbao papo hapo njiani, ati jua lake ni zuri. Maranda, takataka za kuranda mbao, aliyarundika nyuma ya chumba cha mama yake, ambaye miguu yake haimbebi tena.

"Fundi, ondoa mbao. Njia ni ya watu wote."

"Nani anapita na gari huku? Kuku?"

"Na maranda?"

"Nitayaondoa kesho."

Kesho ya Fundi haikuwa na siku. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Alasiri moja tukaona moshi kilimani. Mtu alichoma majani shambani akaenda zake, upepo ukauchukua moto. Nyasi zilikuwa kavu, moto ukashuka mbio. Majirani walitoka, wakashika viuno, wakatazama.

"Zimamoto wameitwa?" nikauliza.

"Lazima kuna mtu amewapigia," jirani akajibu.

Hakuna aliyepiga. Kila mmoja alimtegemea mwenzake. Nikapiga mimi, kwa hasira. Nikaeleza moto uko wapi, njia ni ipi, na kwamba ndani kuna mgonjwa asiyeweza kutembea.

Gari la zimamoto lilikuja upesi. Likakwama kwenye mbao za Fundi.

Sijawahi kumchukia mume wangu kama dakika ile. Mama mkwe yuko kitandani, moshi unaingia dirishani, na gari limejaa maji linaunguruma tu. Mkuu wa kikosi, mwanamke mwenye sauti kavu, akashuka.

"Mbao za nani?"

"Zangu," Fundi akasema, macho chini.

"Zitoe, na majirani wakusaidie. Mgonjwa yuko wapi?"

Mimi na mkuu tulijifunga vitambaa puani, tukaingia tumeinama, tukamtoa mama kwa blanketi.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza.

"Anahamisha mbao, mama."

"Hata mimi nilimwambia," akasema huku akikohoa.

Cheche zikaangukia maranda. Chumba cha mama kikashika moto. Fundi akataka kuingia kuchukua vifaa vyake alivyoviweka humo, mkuu akamkamata shati.

"Randa inanunuliwa. Ukishatoka, hurudi ndani."

Gari lilipopita, zimamoto waliokoa nyumba iliyobaki. Chumba kile kilikuwa kimekwisha.

Mkuu akavua kofia. "Kila kiangazi nasema haya haya, nimechoka. Mkiona moshi, pigeni simu, hata kama mnadhani mwingine amepiga. Watoeni wagonjwa na watoto mapema, msingoje moto ufike. Fyekeni nyasi kuzunguka nyumba. Kinachoshika moto upesi kisikae ukutani. Na njia iachwe wazi. Tungeingia moja kwa moja, chumba hiki kingepona."

Fundi akashika tama. Mama yake, amelazwa kwenye mkeka wa jirani, akamtazama.

"Mwanangu, ile kesho ndiyo hii?"

Fundi alijifunika uso. Alilia mbele ya watu.

Alikijenga chumba upya kwa mikono yake, na dirisha kubwa kuliko la kwanza. Alifyeka nyasi, akahamishia mbao uwanjani. Maranda sasa huyafagia kila jioni na kuyapeleka shimoni, mbali na nyumba.

Kiangazi kilichofuata moto ulishuka tena. Safari hii wengi tulipiga simu. Mama tulimtoa mapema. Gari lilipita bila kusimama, na moto ukafia pale tulipofyeka.

Lakini sasa Fundi amezidi. Amezihamisha hata kuni zangu kutoka ukuta wa jikoni, kaziweka kwenye kibanda mwisho wa uwanja. Kila asubuhi nazifuata huko nikinung'unika, na mama mkwe hunitazama kutoka dirisha lake jipya.

"Nenda tu, mwanangu," huniambia. "Huyu amechelewa kusikia. Tusimharibu."