Kikombe Namba Tatu

Chupa tupu ya sosi ya dukani ilikutwa kwenye pipa la taka nyuma ya ukumbi wa kanisa, Jumamosi saa tisa na dakika kumi alasiri, joto la Memphis likikausha mpaka mate. Mashindano ya kanisa yalikuwa ya sosi za nyama choma, za kupikwa nyumbani tu, na mshindi alikuwa ameshatangazwa. Mchungaji Bledsoe akamkabidhi Thaddeus Gaines kazi ya kumtafuta aliyedanganya. Nani mwingine? Miaka thelathini mkaguzi wa nyama, kumi na minne jaji mkuu wa mashindano haya. Watu walisema ulimi wake unaweza kukutajia kitunguu kilikatwa na nani.

Ila tangu mafua ya Januari ulimi ule ulikufa, na pua nayo. Kwa Thaddeus, mbavu za kuchoma na kadibodi vilikuwa kitu kimoja. Hakumwambia mtu, kwa sababu bila kile kiti cha ujaji, alijiona mzee tu mwenye kofia nzuri. Mchana ule alivipa alama kwa macho tu vikombe sita vyenye namba bila majina: rangi, uzito, jinsi sosi inavyoshika nyama. Namba tatu ikashinda. Ilipofunuliwa kuwa ni ya Cleophus Tate, aliyefiwa na mkewe Verdell majira ya baridi, Thaddeus akafumba macho mbele ya ukumbi mzima na kusema, "Huu ni mkono wa Verdell. Ningeujua popote." Watu wakalia.

Sasa macho yote yalikuwa kwa Lorraine Pettway, mgeni kutoka Texas, kwa sababu sosi yake ilikuja kwenye chupa ya umbo lile lile. Thaddeus akamhoji hapo hapo, watu wakisikia.

"Chupa hii ya sosi yako umeitoa wapi, dada?"

"Kabatini kwangu. Ilikuwa ya asali. Nusa mwenyewe, mzee."

Akanusa. "Sina uhakika," akasema.

Lorraine akawatazama nzi waliokuwa wakizunguka mdomo wa chupa. "Hata nzi wana uhakika," akasema taratibu. Lakini watu walimwamini jaji, wakaanza kumkwepa Lorraine kama mwenye upele.

Shemasi Hosea naye alionekana penye pipa saa nane. Alipobanwa, akakiri kwa aibu kwamba alikuwa anatupa mbavu alizounguza, mkewe asije akaziona. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake.

Saa kumi kasoro robo Thaddeus akarudi kwenye meza ya majaji, nje uani. Vikombe sita vilikuwa vimekaa juani tangu saa sita. Katika vitano, siki ilikuwa imepanda juu, mafuta yamejikusanya pembeni, viungo vimezama. Cha tatu kilikuwa laini vile vile, kama kimemiminwa sasa hivi. Alijua maana yake: viwandani hutia kitu cha kushikanisha sosi. Jikoni kwa Verdell hakikuwepo.

Akamkuta Cleophus kwenye ngazi za nyuma, bado ameshika utepe wa ushindi.

"Ni wewe, Cleo."

"Ni mimi." Hakubisha hata kidogo. Akaeleza kwamba aliipika mara tisa, mara tisa ikatoka chungu. Hakutaka mwaka upite bila jina la mkewe kusomwa kati ya washindani. "Nikasema, nitamimina ya dukani, Thad ataigundua kwa kijiko cha kwanza, ataniita pembeni anigombeze, basi, yaishe. Halafu ukasimama pale ukasema ni mkono wake." Akautazama utepe. "Nikadhani labda nimemsahau mke wangu. Labda ladha yake ndiyo hiyo."

Thaddeus akakaa chini, ngazi moja chini yake. "Sikuonja kitu, Cleo. Tangu Januari sionji wala sinusi."

Cleophus akageuka. "Na yule mama wa asali?"

"Naye nimemvalisha uongo wangu."

Ndani, mtu alikuwa anapanga viti. Cleophus akanyanyuka aende kukiri, lakini Thaddeus akamzuia kwa mkono, akapita mbele, akavuka ukumbi mpaka meza ya mwisho alikokaa Lorraine peke yake, akavua kofia.

"Dada Pettway," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka mimbarini, "ile chupa yako ilikuwa ya asali. Mimi ndiye siwezi kunusa."